Nyumba ya Kipepeo

Mtu akitaka kumsifu kiumbe aliye huru, aghalabu humtaja kipepeo. Husema kwamba kipepeo hana shamba la kulima, hana paa la kuezeka, wala hana mpaka wa kulinda. Huamkia ua hili akalala ua lile, na upepo ndio njia yake. Sifa hiyo ni tamu masikioni, lakini si ya kweli. Katika viumbe wanaoruka mbele ya macho yetu, ni wachache waliofungamana na makao yao kama kipepeo na nduguye nondo. Sisi humwona akipita kwa dakika moja, tukadhani kuwa kupita ndiyo maisha yake. Hatuioni nyumba aliyotoka, wala hatufikiri kuwa nyumba hiyo ikibomolewa pengine hana nyingine. Nataka, msomaji, tuizungumze nyumba hiyo. Kwa maana nimesadiki kwamba mtu ampendaye kipepeo bila ya kuijua nyumba yake, mapenzi yake hayamfai kipepeo, na wakati mwingine humwua.

Mimi ni mwalimu, na kila mwaka hufundisha maisha ya wadudu. Karibu kila kitabu cha somo hilo kina duara lenye picha nne: yai, kiwavi, pupa, na kipepeo mwenyewe, pamoja na mishale inayoonyesha jinsi hali moja inavyofuata nyingine. Katika chuo cha ualimu tulizoezwa kulichora duara hilo ubaoni kwa usafi, na wanafunzi wangu hulinakili vizuri. Lakini litazame jinsi linavyoelea! Yai halikutagwa juu ya kitu, kiwavi hali chochote, na pupa hakuning'inia popote. Duara zima limezungukwa na weupe wa karatasi. Kwa sababu hii huwataka wanafunzi wachore kitu cha tano katikati ya duara, nacho ni mmea. Kisha huwauliza: mmea gani? Darasa hunyamaza kimya, na hapo ndipo somo linapoanza.

Swali hilo lina uzito kwa sababu kiwavi ni mlaji mwenye kuchagua. Kipepeo mzima huweza kunywa utomvu wa maua ya namna nyingi, lakini kiwavi wa aina nyingi za vipepeo hula majani ya mimea michache tu, na wengine hula mmea mmoja peke yake. Mama hulijua jambo hili. Hutua juu ya jani, akalionja kwa miguu yake, maana miguuni mwake mna viungo vya kutambua ladha. Likiwa silo, huruka akaenda kujaribu jingine. Likiwa ndilo, hutaga. Kiwavi anayeanguliwa hana mabawa ya kutafutia chakula mbali, na mama hakumwachia urithi ila lile jani alilomchagulia. Akizaliwa pasipo mmea wake, atakufa kwa njaa katikati ya majani mabichi.

Tuchukue mfano wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya manjano hafifu, anayeonekana katika bustani nyingi za Kenya. Kiwavi wake hula majani ya mlimau, mchungwa na jamaa zao. Anapokuwa mdogo hufanana na kinyesi cha ndege kilichoangukia jani, na adui humpita bila ya kumgusa. Anapokua hugeuka kijani, na ukimchokoza hutokeza nyuma ya kichwa pembe mbili laini zenye harufu kali. Kipepeo huyu si adimu, na sababu ya wingi wake si nguvu zake bali ni sisi: tumemjengea nyumba kila mahali kwa kupanda milimau na michungwa. Vipepeo walio adimu ni kinyume chake. Ni wale ambao nyumba yao ni ya namna ya pekee, haipatikani ila mahali pachache, na mahali penyewe panapungua.

Wahenga walisema kuwa nyumba njema si mlango. Jani la kiwavi ni mlango tu. Ndani ya nyumba mna mengi zaidi. Ili kukuonyesha mambo hayo itabidi nikupeleke mbali kidogo, hadi Uingereza, kwa kuwa sijui kisa kingine kinachoyaeleza kwa uwazi kama kisa cha kipepeo mmoja wa buluu wa huko.

Kipepeo huyo, ambaye wataalamu humwita Maculinea arion, ana mabawa ya buluu yenye madoa meusi, na akiyakunjua hayazidi sana upana wa vidole vitatu. Tangu zamani alikuwa adimu, na watu waliokusanya vipepeo na kuwachoma pini katika masanduku ya vioo walimtafuta kwa shauku. Idadi yake ilipoanza kushuka, lawama iliwaangukia wakusanyaji hao. Hata ikatokea kwamba eneo moja alimoishi lilizungushiwa uzio ili mkono wa mtu usimfikie. Uzio uliwazuia wakusanyaji. Uliwazuia pia ng'ombe, kondoo na farasi waliozoea kulisha pale. Nyasi zikarefuka, vichaka vikaota, na kipepeo aliyewekewa ulinzi akatoweka ndani ya ulinzi wenyewe.

Kwa nini? Jibu lilikuwa chini ya ardhi. Mama wa kipepeo huyu hutaga mayai yake katika vichipukizi vya maua ya mmea mdogo unaotambaa, jamaa ya zaatari, wenye harufu ya kiungo. Kiwavi hula maua hayo kwa muda wa majuma mawili au matatu, kisha hujiangusha chini na kungoja. Anayengojwa ni sisimizi mwekundu. Sisimizi akimkuta humlamba, kwa maana kiwavi hutoa kitone cha maji matamu. Kisha hudhani kuwa ni mtoto wa kwao aliyepotea, akambeba hadi ndani ya kichuguu. Huko mgeni hulipa wema kwa ubaya: huwala watoto wa wenyeji wake kwa muda wa miezi kama 10, na huko ndiko anakopata karibu uzito wake wote. Mwaka unaofuata hutoka ardhini akiwa kipepeo, akapanda juu ya nyasi, akakunjua mabawa yake.

Mambo haya yalikwisha kujulikana tangu mwanzo wa karne ya 20, na hata hivyo kipepeo aliendelea kupungua. Mwaka 1972 kijana mtaalamu aitwaye Jeremy Thomas alianza kumchunguza kwa namna nyingine. Aliishi karibu na vipepeo wachache waliosalia, akawahesabu mayai yao, viwavi wao, na hata sisimizi wao, majira baada ya majira. Aligundua kuwa sisimizi wekundu si kabila moja. Kiwavi huweza kubebwa na makabila kadhaa, lakini katika Uingereza kabila moja tu, Myrmica sabuleti, ndilo linalomlea vizuri. Akichukuliwa na kabila jingine aghalabu hufa. Na sisimizi hao hupenda joto. Hukaa mahali ambapo nyasi ni fupi sana, ili jua lifike udongoni. Nyasi zikizidi sentimita chache, kivuli huupoza udongo kwa kiasi ambacho mimi na wewe tusingekihisi, lakini sisimizi hukihisi. Huhama au hufa, na kabila jingine lipendalo baridi hushika mahali pao.

Sasa angalia mnyororo mzima, msomaji. Kipepeo alitegemea ua, na kiwavi alitegemea sisimizi. Sisimizi alitegemea joto, joto likategemea nyasi fupi, na nyasi fupi zikategemea meno ya kondoo, ng'ombe na sungura. Wakulima wa Uingereza walipoacha kulisha katika miteremko ile yenye udongo hafifu, pete moja ilikatika. Ugonjwa wa miksomatosisi ulipoingia nchini humo mwaka 1953 na kuwaua sungura kwa mamilioni, pete nyingine ilikatika. Hakuna aliyekusudia kumdhuru kipepeo. Maua yake yalikuwa bado yapo, na mtu aliyepita njiani angeweza kuapa kwamba nyumba imesimama vilevile. Mlango ulikuwa wazi, lakini ndani hamkuwa na mlezi.

Elimu hiyo ilikuja ikiwa imechelewa. Vipepeo waliosalia walikuwa wachache mno, ukame wa miaka ya 1975 na 1976 ukawaongezea dhiki, na mwaka 1979 kipepeo huyo alitangazwa kuwa hayupo tena katika Uingereza. Lakini elimu haikutupwa. Watu waliitengeneza nyumba kwanza: wakafyeka vichaka, wakarudisha mifugo kwa kipimo na kwa majira, wakangoja sisimizi waongezeke. Kuanzia mwaka 1983 wakaleta mbegu ya kipepeo yuleyule kutoka Uswidi. Aliyeletwa akakaa, akazaa, akaenea katika miteremko ya Somerset na Gloucestershire, na mpaka leo anaruka huko kila mwezi wa Juni na Julai, wakati ambapo wageni hufunga safari ili wamwone.

Kuna mafunzo mawili katika kisa hiki. La kwanza ni kwamba kukataza si kutunza. Neno "usiguse" ni jepesi kulitamka, na uzio ni mwepesi kuujenga. Kazi ngumu ni kujua ni nini kilichokuwa kikiifanya nyumba iwe nyumba, na kuendelea kukifanya kila mwaka. La pili ni kwamba nyumba nyingine za viumbe zimejengwa kwa shirika na binadamu. Mchungaji aliyepeleka kondoo mlimani hakujua kuwa yeye ni mlinzi wa kipepeo. Lakini alikuwa mlinzi, na alipoondoka hakupata badala yake.

Walakini ningekupotosha kama ningekuachia fikira kwamba dawa ya kipepeo ni kupeleka ng'ombe kila mahali. Dawa ya mgonjwa mmoja ni sumu ya mwingine. Turudi nyumbani, tupande Milima ya Taita.

Juu ya milima hiyo kuna mabaki ya msitu wa kale unaonyweshwa na ukungu utokao upande wa Bahari ya Hindi. Mabaki hayo ni vipande vipande, kama vile Mbololo, Ngangao na Chawia, vilivyotengwa na mashamba, vijiji na mabonde. Ngangao, ambao ni miongoni mwa vipande vikubwa, haufiki hata hekta 200. Humo huishi kipepeo aitwaye Cymothoe teita, ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani. Jina lake la pili ni jina la milima yenyewe. Kiwavi wake hula majani ya mti wa msituni uitwao Rawsonia lucida, unaokua chini ya kivuli cha miti mirefu. Huyu hataki nyasi fupi wala jua kali. Ng'ombe akiingia msituni akala miche, basi miaka mingi baadaye hapatakuwa na mti wa kurithi ule uliozeeka, na kiwavi wa siku hizo hatakuwa na jani.

Katika milima hiyo pia ilipandwa mikaratusi, misonobari na miti mingine ya kigeni. Kwa mtu atazamaye kutoka barabarani, mlima uliofunikwa na miti hiyo ni wa kijani, na kijani humridhisha. Miti hiyo ina kazi yake, kwa kuwa hutoa mbao na nguzo, na mimi siwezi kumcheka baba aliyesomesha watoto kwa fedha za mikaratusi. Lakini kwa kipepeo wa Taita msitu wa mikaratusi ni mji usio na chakula. Kwa hiyo kumtunza ni kuilinda miti ya asili iliyobaki, kuipanda tena penye nafasi, na kuunganisha kipande kimoja cha msitu na kingine ili kizazi cha Ngangao kisiwe wafungwa katika kisiwa chao. Kazi hii haimalizwi na mtu mmoja. Anayepanda mche leo anampandia kipepeo ambaye huenda yeye hatamwona.

Siku moja nilipokuwa nikiyaeleza haya darasani, msichana mmoja aliinua mkono. Alikuwa mtoto wa nyumba isiyo na kitu, na kila Jumamosi alimsaidia mamaye kutafuta kuni. Akasema, "Mwalimu, mama akikosa kuni, huyo kipepeo atatupikia?" Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu kati ya maswali niliyopata kuulizwa kuhusu jambo hili, hilo ndilo kubwa kuliko yote. Mtu yeyote anayetaka kuhifadhi nyumba ya kipepeo bila ya kulijibu swali la msichana yule anajenga juu ya mchanga.

Nilimjibu kwa habari ya Arabuko-Sokoke. Msitu huo, ulio kati ya Kilifi na Malindi, una ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420, na zaidi ya aina 250 za vipepeo zimeonekana humo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wengi waliokaa kandokando yake waliuona kuwa ni adui. Ndovu na nyani walitoka humo wakala mazao yao, na ardhi ambayo wangeweza kuilima ilikuwa imefungwa kwa sheria. Walitaka msitu ukatwe, na ukiyapima maisha yao hutawaona kuwa wajinga. Mwaka 1993 ulianzishwa huko Gede mradi uitwao Kipepeo, ulioanzishwa na mtaalamu Ian Gordon, ukishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Wakulima walifundishwa kukamata vipepeo wachache wa kuzaa kutoka msituni, kuwaweka katika vizimba vya chandarua pamoja na mimea yao, kuyakusanya mayai, na kuwalisha viwavi kwa majani waliyoyapanda wenyewe. Mapupa hununuliwa Gede, yakapangwa ndani ya masanduku na kusafirishwa kwa ndege upesi, kabla vipepeo hawajatoka, mpaka Ulaya na Marekani, kwenye nyumba za vioo ambako watu hulipa kiingilio ili wawatazame.

Tafakari mabadiliko hayo. Mama wa Kigiriama ambaye jana alimwona kiwavi kuwa ni mharibifu, leo anamjua kwa jina, anajua anakula nini, anajua siku atakayojigeuza, na kwa kiwavi huyo analipa karo. Naye hujua jambo jingine: kwamba asipopata vipepeo wapya wa kuzaa kutoka msituni, kizimba chake kitadhoofika. Kwa hiyo msitu ukikatwa, na riziki yake imekatwa. Hili ndilo jibu nililompa mwanafunzi wangu. Kipepeo hatampikia mama yako, mwanangu. Lakini huko pwani wako akina mama wanaonunua unga kwa ajili yake.

Hata hivyo nilimwambia na upande wa pili, kwa kuwa mwalimu hana ruhusa ya kuuza bidhaa kwa kuificha kasoro. Soko si mama mzazi. Katika Usambara Mashariki, nchini Tanzania, wakulima wa Amani walikuwa wakifuga vipepeo kwa njia kama hiyo. Mwaka 2016 serikali ya nchi hiyo ilisimamisha kupeleka wanyama hai nje, na wakulima hao wakapoteza wanunuzi wao, ingawa hawakuwa wamefanya kosa. Mwaka 2020 maradhi ya korona yalipofunga safari na milango ya maonyesho duniani, wafugaji wa vipepeo waliona tena jinsi mkono wa mbali unavyoweza kufumba ghafula. Fedha ya kipepeo ni rafiki mwema wa msitu, ila msitu usiwe na rafiki mmoja tu. Panapofaa, pawepo na nyuki, pawepo na uyoga, pawepo na wageni wanaokuja kutazama ndege. Pawepo pia na shamba la kuni nje ya msitu, ili mama apikie kuni alizozipanda. Mikaratusi niliyoitaja hapo nyuma, ikipandwa mahali pake, huweza kuwa ngao ya msitu.

Na nondo naye asisahauliwe. Watu humdharau kwa kuwa huja usiku na kujigonga kwenye taa, na wengine humdhani kuwa ni mla nguo tu. Wanaokula nguo ni wachache mno katika ukoo huo mkubwa. Katika msitu wa Kakamega yuko nondo aitwaye Anaphe panda, ambaye viwavi wake hula majani ya mti wa Bridelia micrantha. Hawa hufanya mambo yao kwa ujamaa: hutembea kwa msafara, na wakati wa kujigeuza ukifika hufuma kifuko kimoja kikubwa cha hariri, wakajifungia humo wote pamoja. Wataalamu wa taasisi ya icipe iliyoko Nairobi walifanya kazi na wakazi wa kandokando ya msitu huo, wakawaonyesha jinsi ya kuwafunika viwavi kwa chandarua wasiliwe na adui, na jinsi ya kupata nyuzi za hariri kutoka kwenye vifuko. Hapa pia habari ni ileile. Hakuna hariri bila ya kiwavi, hakuna kiwavi bila ya mti wake, na mti wenyewe huota vizuri pale ambapo mtu amekubali uote.

Labda utasema, "Mimi siishi Taita wala Gede. Shule yetu iko katikati ya mashamba ya mahindi. Nifanye nini?" Nitakueleza tulilofanya sisi. Katika shule niliyofundisha, kama katika shule nyingi za nchi hii, uwanja wote ulifyekwa kila mara, kutoka lango mpaka uzio wa nyuma, na mwanafunzi aliyekosa alipewa fyekeo. Katika mkutano wa walimu niliomba tuache pembe moja ya nyuma isifyekwe ovyo. Mwenzangu mmoja, mwalimu mwenye busara na umri mkubwa kunizidi, alisimama akapinga. Alisema kuwa nyasi ndefu huficha nyoka, na kwamba mzazi akija na kuona magugu atasema shule imeshindwa. Hoja zake zilikuwa na haki. Usalama wa mtoto hautolewi sadaka kwa ajili ya mdudu.

Tulizungumza mpaka tukapatana. Pembe ile iligawanywa mafungu matatu, kwa kuwa mwaka wa shule una mihula mitatu. Kila muhula fungu moja hufyekwa, na mawili huachwa. Kwa njia hii kila fungu hufyekwa mara moja kwa mwaka, na viwavi wa fungu linalofyekwa wana jamaa zao katika mafungu yaliyobaki. Kandokando ya njia na karibu na madarasa nyasi zilibaki fupi, na ukanda mpana uliachwa wazi kati ya pembe hiyo na mahali wanapochezea watoto. Wanafunzi waliandika kibao: "Fungu hili halifyekwi muhula huu." Mzazi aliyekisoma alijua kuwa nyasi zile zimeachwa kwa shauri, si kwa uvivu.

Sitakudanganya kwamba vipepeo adimu walikuja. Waliokuja ni wale wa kawaida, na wengi wao walikuwapo jirani tangu zamani. Kilichoongezeka ni macho. Wanafunzi walianza daftari la mimea na viwavi, wakiandika tarehe, jani lililoliwa, na mdudu aliyelila. Baada ya mwaka mmoja walijua habari za pembe ile ambazo hazimo katika kitabu chochote, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuitazama. Nimefikiri mara nyingi kuwa Jeremy Thomas hakufanya jambo la namna nyingine. Naye alikaa mahali pamoja, akatazama, akahesabu, akaandika. Tofauti ni kwamba yeye alivumilia kwa miaka mingi, na alitazama mahali ambapo wenzake walidhani hapana jipya.

Mwisho yuko yule anayeuliza: kipepeo akitoweka, dunia imepungukiwa na nini? Mvua haitaacha kunyesha, wala mahindi hayatakataa kuota. Nakubali kuwa kwa kipepeo mmoja huenda tusihisi hasara mfukoni. Lakini kipepeo ni shahidi. Anapotoweka, anatupa habari kwamba kitu fulani kimebadilika katika nyasi, au katika msitu, au katika udongo ambao na sisi tunautegemea. Shahidi wetu ni mwepesi kuumia, na hiyo ndiyo thamani yake, maana huumia mapema, wakati ambapo bado tunaweza kutengeneza. Zaidi ya hayo, kiumbe kama yule wa Taita alikabidhiwa nchi moja tu duniani. Sisi tukimpoteza, hakuna taifa la kumwazima.

Basi, kijana msomaji, nakuachia maswali ya kwenda nayo. Mahali ulipo, ni mmea gani unaoliwa na kiwavi gani? Ni nani anayeukata mmea huo, kwa fyekeo, kwa moto au kwa jembe, na katika mwezi gani? Ni nani anayefaidika ukikatwa, na atapewa nini badala yake ukiachwa? Ukiweza kuyajibu maswali haya kuhusu pembe moja ya nchi yako, hata kama ni ndogo kama uwanja wa mpira, umekwisha kuingia katika nyumba ya kipepeo. Na wakati ujao atakapopita mbele yako, usishughulike mno kumfuata aendako. Geuka, ukatafute alikotoka.